Aliyefungwa Anapisha

Nilisomea ushirika, nikarudi Bariadi na stashahada yangu mwaka uleule ambao ushirika ulikuwa unakata roho. Malori ya wanunuzi binafsi yalikuwa yanaingia vijijini kununua pamba, kila moja na mzani wake. Baba yangu alikuwa amepunguzwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na bwana niliyemtegemea anipe ajira nilimkuta stendi anauza karanga. Akanipimia za kuonja, akaniambia nikazane na maisha.

Nilikazana. Nilikwenda Mwanza, nikarudi na televisheni ya mtumba, mashine ya gemu na pedi mbili. Shangazi yangu alikuwa na jenereta lililolala bure tangu afunge mashine yake ya kusaga. Nikafungua kibanda nyuma ya uwanja wa mnada, na ukutani nikaandika kwa mkaa, kwa herufi kubwa: ALIYEFUNGWA ANAPISHA.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria pekee. Gemu ilikuwa ya mpira. Ukishinda unabaki kwenye kiti. Ukifungwa unanyanyuka, unampa pedi anayefuata, bila hotuba.

Watu walijaa. Walikuja vijana wa stendi, makondakta wa malori ya pamba, na walimu waliosema wamekuja kutafuta wanafunzi wao, wakaanza kwa kutafuta mahali pa kukaa. Waliokosa nafasi ndani walisimama juu ya keria za baiskeli zao na kuchungulia dirishani. Bingwa wa kibanda alikuwa Nyanjige, muuza maandazi wa jirani, msichana wa umri wangu. Vidole vyake vilizoea kugeuza maandazi kwenye mafuta ya moto, na alicheza akiwa na beseni mapajani. Aliwafunga wanaume, kisha akawauzia maandazi ya kujipoza.

Kibanda kile kilikuwa kinatulisha nyumbani sisi sote, na baba alikuwa ameanza tena kunyoa ndevu. Ndipo akaja Guku Luhaga.

Guku ni babu kwa Kisukuma. Huyu alikuwa mdogo wake babu mzaa baba, kwa hiyo alikuwa mtani wangu halali, mwenye haki ya kuniita mke na kutukanwa kwa heshima. Watu wengine walimjua kama ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, wa kundi la Bagalu. Hasimu wake alikuwa Shigela, ningi wa Bagika. Kwetu kila mwaka, pamba ikishatoka shambani, makundi mawili hucheza siku moja, uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila moja upande wake. Hakuna jaji wala kikombe. Watazamaji wanakimbia huku, wanakimbia kule, na jua likianza kuzama, penye watu wengi ndipo penye ushindi. Ndiyo maana ningi yeyote mwenye akili timamu hutafuta samba, dawa ya kuvuta watu. Kucheza vizuri bila samba, wazee watakwambia, ni kupika bila kuwasha moto.

Mwaka uliotangulia Guku Luhaga aliaibika. Alikuwa katikati ya ngoma ya majembe, akarusha jembe lake juu likizunguka kama kawaida, akanyoosha mkono kulidaka, likapita. Kama angeliokota, yangeisha. Yeye alimgeukia mpiga ngoma akaanza kumfokea kwamba amemchelewesha. Mpiga ngoma naye hakuwa bubu. Walipomaliza kujibizana, upande wao ulikuwa umebaki na vumbi, na watu wote wako kwa Shigela wakicheka.

Sasa alikuwa amesimama mlangoni kwangu, fimbo mkononi, macho yanapita juu ya vichwa.

"Mwadila, mke wangu," alinisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, guku. Umekuja kuniangalia mimi au mpira?"

"Hawa wote umewavuta wewe?"

"Wamekuja wenyewe."

"Watu hawaji wenyewe," alisema. "Mimi nimevuta watu tangu baba yako anatembea bila suruali. Hakuna mtu anayekuja mwenyewe. Mganga wako ni wa wapi?"

"Sina mganga."

"Ukerewe?"

"Guku, hiyo ni televisheni."

Aliitazama kwa muda. Kwenye kioo Nyanjige alikuwa anamfunga mwalimu bao jingine, na kibanda kizima kilikuwa kinapiga kelele.

"Basi ni kali," alisema taratibu. "Hata jina lake halitajwi."

Aliondoka bila kuaga. Baadaye nikasikia kwamba ametoka kwangu moja kwa moja mpaka kwa Marcelo, mtendaji wetu wa kata, kulalamika kuwa vijana wake hawaji tena mazoezini, wamefungiwa kwenye sanduku la Joyness. Kesho yake Marcelo akaja na mgambo. Marcelo alikuwa mtu wa kanisani, amenyooka kama rula, shati lake halijawahi kujua mkunjo.

"Dada Joyness, kibanda hiki hakina baraka za wazee."

"Kina baraka za soko huria, mheshimiwa."

"Soko huria halilali Bariadi. Wazee ndio wanalala hapa, na asubuhi wanakuja ofisini kwangu." Alichungulia ndani, akajizuia kuchungulia zaidi. "Ngoma za mavuno zimekaribia, sitaki fujo. Zikiisha, kama Mzee Luhaga bado analalamika, nakifunga. Kama ameridhika, mimi sina neno."

Usingizi uliniruka. Nilimwona baba akirudia ndevu zake, na mimi nikijifunza kufunga karanga kwenye karatasi. Asubuhi nilikuwa nimepata la kufanya. Mzee hataki ukweli? Basi apewe dawa.

Nilimkuta nyumbani kwake anafunga njuga kwenye mkanda wa ngozi. Niliketi, nikapunguza sauti.

"Guku, nimekuja kusema. Ipo."

Aliweka njuga chini. Akamtuma mkewe Milembe kuangalia ndama, ingawa ndama alikuwa anaonekana pale pale tulipo.

"Lakini hainywewi," nikaendelea, "na haichanjwi. Inaingilia hapa." Nikamwonyesha vidole gumba vyangu viwili.

Guku Luhaga akaangalia gumba zake. Zilikuwa gumba za mtu aliyelima na kukamua maisha yake yote, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuzifikiria.

"Masharti yake?"

Hapo nikajua nimempata. Dawa isiyo na masharti kwa mzee kama yule ni maji tu.

"Kila siku ukishanywesha ng'ombe, unakuja unakaa kwenye kiti changu na kucheza. Hairuhusiwi kutukana, wala kutafuta aliyekuchelewesha. Ukifungwa unasimama, unampa mwenzako pedi kwa mikono miwili, unamwambia 'karibu'. Ukigombana hata mara moja, dawa inatoka."

"Inatokea wapi?"

"Ilikoingilia."

Akakunja gumba ndani ya viganja kana kwamba dawa ingeweza kutoka kabla haijaingia.

"Na wewe unataka nini? Ng'ombe?"

"Ukivuta watu kuliko Shigela, nenda kwa Marcelo umwambie umeridhika na kibanda changu. Ukishindwa, kifungeni. Sitasema kitu."

"Hutasema kitu wewe," akacheka. "Hayo ndiyo masharti magumu."

Alikuja siku hiyo hiyo. Aliishika pedi kama mtu aliyepewa kobe, hajui kichwa kiko upande gani. Nilimwonyesha kitufe cha kukimbilia, cha kupasia, cha kupiga. Wachezaji wake wote walikuwa wanaufuata mpira kwa pamoja.

"Guku, watawanye," vijana walimwambia.

"Ng'ombe wanafuata maji. Nyie ng'ombe wenu wanafuata nini?"

Nyanjige alimfunga huku anamrudishia mteja chenji. Alimfunga tena huku anamuuliza hali ya bibi Milembe. Filimbi ya mwisho ilipolia kibanda kilitulia, kwa sababu wote walimjua mzee na walijua kuhusu yule mpiga ngoma. Nikaona mshipa wa shingo unapanda. Alisimama. Akaangalia pedi, akaangalia gumba zake, akamnyooshea kijana aliyefuata kwa mikono miwili.

"Karibu," alisema, kama anayemeza kwinini.

Siku za mwanzo alimeza kwinini nyingi. Lakini hakukosa hata siku moja, na taratibu mambo yakaanza kugeuka. Wachezaji wake aliwapa majina ya ng'ombe wake, kwa rangi zao, mwenye madoa, mweusi wa tumbo jeupe, mwekundu wa pembe moja, na walipokuwa na majina hawakuchanganyikana tena. Akaacha kuangalia mpira, akaanza kuangalia mahali pasipokuwa na mtu. "Hapa pana njia," alikuwa anasema peke yake, na kweli palikuwa na njia. Siku moja andazi lilidondoka kutoka kwenye beseni la Nyanjige. Kabla halijagusa chini, mkono wa Guku Luhaga ulikuwa umelidaka, macho yake yakiwa bado kwenye kioo. Aligeuka akautazama mkono ule kama mgeni aliyeingia bila hodi.

"Imeingia," aliniambia kwa sauti ya chini.

"Nini?"

"Usijifanye."

Watu wanasema gemu inafundisha uvivu. Mimi niliona mzee aliyeshindwa kudaka jembe anadaka andazi bila kuangalia, na niliona mtu aliyezoea kufokea dunia nzima anasema "karibu" mpaka neno lenyewe likaanza kumtoka kwa urahisi. Sikumpa mahubiri yoyote. Kiti kile ndicho kilimfundisha.

Utani wake na Nyanjige nao ulikuwa unajaza watu.

"Binti, hujaolewa kwa sababu ya hivyo vidole. Mwanaume anaogopa."

"Na wewe guku ulioa mapema. Bibi angekuona unacheza mpira angerudi kwao Lalago."

"Mwenye madoa, piga. Piga."

"Amepiga nje, guku. Mwuze mnadani."

Jambo moja lilimsumbua kuliko kufungwa. Siku hiyo Nyanjige alikuwa anamchapa kondakta mmoja mabao yasiyo na huruma, na watu wakaanza kutoka mmoja mmoja kwenda kutafuna miwa. Mechi iliyofuata walikuwa wawili wasiojua kitu, lakini wamelingana, bao kwa bao, na watu wakarudi wanakanyagana.

"Mbona walimwacha bingwa, wakarudi kwa hawa vipofu?" aliniuliza.

"Kwa bingwa walishajua mwisho wake."

Alikaa akikitazama kioo mpaka ng'ombe wake walipoanza kulia malishoni, akasahau hata kuniita mke.

Siku ya ngoma ilifika. Watu walikuja kwa miguu, kwa baiskeli na juu ya malori ya pamba. Upande wa mashariki Bagika wa Shigela, upande wa magharibi Bagalu wa Guku Luhaga, na katikati Marcelo ameketi kwenye kiti cha ofisi, shati limenyooka.

Shigela alianza vibaya, kwa maana ya vibaya kwangu. Alitoka na chatu shingoni, mnene kama paja la mtu mzima. Akacheza naye, akalala chini naye, kisha akambusu mdomoni. Uwanja mzima ulihamia mashariki kwa mara moja. Upande wetu tulibaki bibi Milembe, mimi, Nyanjige na beseni lake, na mbwa aliyelala. Marcelo aligeuza kiti chake kuelekea kwa chatu. Kabla hajageuka kabisa aliniangalia, si kwa ubaya, kama mtu anayekumbuka ahadi.

Nilimtazama guku. Mwaka uliopita angekuwa ameshamfokea mtu. Safari hii alikuwa ametulia, anaangalia uwanja jinsi alivyokuwa anaangalia kioo changu, mahali pasipokuwa na mtu. Akaniinulia kidole gumba. Nikasema moyoni, tumekwisha, mzee anaamini kweli.

Kisha akanyamazisha ngoma zake zote.

"Majembe mawili tu," alisema kwa sauti. "Wawili wanarushiana. Anayeangusha anapisha."

Vijana wake wawili wakasimama wakitazamana, ngoma zikaanza tena polepole, na majembe yakaanza kupishana hewani yakizunguka. Mmoja akaangusha. "Karibu," akasema, akampa jembe anayefuata kwa mikono miwili. Nusu ya vijana wale walikuwa wateja wangu. Hawakuhitaji kuelezwa.

"Na nyie mlioshiba huko," guku akapaza sauti kuelekea mashariki, "mnaangalia nyoka? Hamna mikono?"

Kondakta mmoja wa lori, aliyejiamini kuliko alivyostahili, akaja. Wenzake wakamfuata kuja kumwona akiaibika. Akaaibika, akasema karibu, akaingia mwalimu. Wanafunzi wake wakaja mbio. Kila aliyeingia alikuwa na ndugu, na kila ndugu alikuwa na jirani. Chatu hana ndugu Bariadi.

Upande wetu ukajaa. Ndipo Guku Luhaga akaingia mwenyewe, na hapo nikaona faida ya gemu kwa macho yangu. Alidaka kushoto, akadaka kulia, akadaka akiwa ametupa mgongo. Wakaondoka mmoja baada ya mwingine, karibu, karibu, karibu. Watu walishangilia sana, kisha wakashangilia kidogo, kisha nikaona vichwa vya nyuma vinaanza kugeuka mashariki, ambako Shigela alikuwa anamvisha chatu kofia. Nilikijua kile kitu. Walikuwa wanakwenda kutafuna miwa.

Nyanjige naye alikijua. Akaweka beseni chini, akakaza kanga kiunoni, akaingia.

Uwanja ukanong'ona. Ningi harushiani jembe na msichana wa maandazi.

"Guku," alisema Nyanjige, "unapisha mwenyewe au nikusaidie?"

"Bibi yako Milembe alisema hivyo hivyo. Mpaka leo ananipikia."

"Ananipikia mimi pia nikija. Rusha."

Wakarushiana. Majembe yaliruka juu yakizunguka, yakapita karibu na jua, yakashuka, yakadakwa, yakarudi. Walianza taratibu wakaongeza mwendo. Hakuna aliyejua mwisho wake. Watu waliacha kushangilia, wakawa wanavuta pumzi tu, na waliokuwa kwa Shigela wakaanza kusogea kinyumenyume, macho kwa chatu, miguu kwetu. Ngoma za Bagika zenyewe zikapoteza mapigo, kwa sababu wapigaji walikuwa wanatazama huku.

Kisha jembe moja likapita mkono wa Guku Luhaga, likaanguka mavumbini.

Kila mtu pale aliukumbuka mwaka uliopita. Mpiga ngoma alishusha vijiti, akajiandaa. Guku akamgeukia, mdomo umefunguka, mshipa wa shingo umepanda, na mimi nikafumba macho kwa sababu kibanda changu kizima kilikuwa ndani ya ule mdomo.

"Karibu," nikasikia.

Nikafumbua. Alikuwa anacheka. Aliokota jembe, akalipangusa vumbi kwa shuka lake, akampa Nyanjige kwa mikono miwili, kisha akaanza kucheza mbele yake, mzee mzima anamchezea muuza maandazi kama anayepokea mkwe wa heshima. Uwanja ulipasuka. Watu walikuja kama ng'ombe walionusa maji, wakaangusha kiti cha ofisi, na mwenye kiti akaletwa na wimbi mpaka mstari wa mbele, shati limekunjamana. Jua lilipoanza kuzama Shigela alikuwa amebaki na chatu wake, na chatu alikuwa amelala.

Nilimuuliza guku wakati anavua njuga. "Jembe lile, ulishindwa kulidaka au uliliacha?"

"Dawa haihojiwi, mke wangu."

Alikwenda kwa Marcelo pale pale uwanjani, jasho halijakauka. "Kibanda kile usikiguse. Samba yangu imo mle."

"Mzee, mimi ni mtu wa kanisani. Mambo hayo siyaamini."

"Usiyaamini. Usikiguse."

Juma lililofuata Marcelo alikuja kibandani bila mgambo, kofia mkononi. Alizungukazunguka, akaulizia afya ya baba, akalisifia jenereta. Mwisho akanivuta pembeni.

"Hii mikutano yangu ya hadhara," alisema. "Nikiitisha wanakuja wazee wawili, mmoja hasikii. Na barabara inahitaji watu." Akakohoa. "Inaingilia wapi?"

"Mheshimiwa, si huamini?"

"Siamini. Nauliza tu."

Nikamwonyesha gumba. Nyanjige akajifuta unga mikononi, akampa pedi.

Sitasimulia mabao. Marcelo wachezaji wake wote waliufuata mpira kwa pamoja, na filimbi ilipolia alivuta kiti karibu zaidi na kioo.

"Tuanze upya. Nilikuwa sijakaa vizuri. Na huyu dada alianza kabla sijawa tayari."

Nyuma yake, kwenye benchi la wanaosubiri zamu, Guku Luhaga alisafisha koo. Alinyanyua fimbo yake taratibu, akaielekeza ukutani, kwenye maandishi yangu ya mkaa.

"Mtendaji," alisema, "wewe umesoma. Tusomee sisi wazee."

Marcelo akayasoma kimoyomoyo. Kibanda kizima kikamsubiri. Akasimama, akalinyoosha shati lake, akageuka na pedi kwenye mikono miwili.

"Karibu," alisema, kama anayemeza kwinini.